MAFUTA YAWEKWE TAYARI KABLA YA USIKU

Soma: Luka 10:25–37, Mathayo 25:1–13

Katika somo hili tujifunze kazi ya kasisi, katekista na mzee wa kanisa siku ya moto au ajali. Sote twamsifu Msamaria Mwema kwa huruma yake. Lakini tukumbuke kwamba mafuta, divai na mnyama wa kumpandisha majeruhi alikuwa navyo tayari njiani. Bila hivyo, huruma yake ingebaki machozi tu.

Mkoa wetu wa Kagera umefundishwa jambo hili kwa uchungu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyopakia abiria Bukoba na Kemondo, ilizama karibu na Mwanza, mamia wakafa. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko liliangusha nyumba nyingi. Tena Jumapili asubuhi, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walikufa. Wavuvi walitangulia kufika, kwa kuwa mitumbwi yao ilikuwa tayari. Je, sisi wa kanisa tuna nini mkononi?

Tuangalie mambo manne.

Kwanza, mahali pa kusimama. Mtumishi afikapo, amwendee kiongozi wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, ajitambulishe, akae anapoelekezwa. Kanzu si ruhusa ya kuvuka kamba. Akijitosa katika moshi, askari watakuwa na mtu mmoja zaidi wa kuokoa. Basi tufahamiane na askari hao mapema, na kila nyumba ishike namba ya simu 114.

Pili, majina. Katika MV Bukoba abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, ikawa vigumu kujua nani wamepotea. Mtumishi awe na daftari na kalamu ya risasi, maana wino huharibiwa na mvua. Aandike jina la jamaa, jina la anayetafutwa na namba ya simu. Asitangaze kifo ambacho polisi au hospitali hawajathibitisha.

Tatu, maneno. Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba walizokaa kimya. Walikosea walipoanza kueleza sababu za msiba. Basi tukae na wafiwa, tuwape maji, tuwasikilize. Waliopatwa watakuwa pia Wakatoliki, Walutheri na Waislamu. Tuwaitie viongozi wao.

Nne, waokoaji wenyewe. Askari au mvuvi aliyebeba maiti ya mtoto hurudi nyumbani na mzigo. Tumtembelee baada ya wiki moja, na tena baada ya mwezi, watu wakiisha kutawanyika.

Gari la zimamoto kutoka Bukoba haliwezi kufika upesi kila kijiji cha Muleba, wala kuvuka mara moja hadi kisiwa cha Bumbire. Kwa hiyo saa ya kwanza ni yetu.

Maswali ya kuzungumza:
1. Nani ana ufunguo wa kanisa usiku, jamaa wakihitaji mahali pa kungojea?
2. Nani ataandika majina, nani atapika uji, nani atakaa na watoto?
3. Ni nani katika mtaa wetu aliyeokoa watu, nasi hatujamtembelea?

Tuombe: Ee Bwana, utukute taa zetu zikiwaka na mikono yetu ikiwa tayari. Amina.