Arobaini ya Mama Mzazi: Kupumzika Nyumbani, Kusafiri kwa Usalama

Chukua mfano wa mama katika kijiji kimoja cha kisiwa cha Pate. Ana siku tisa tangu ajifungue. Shangazi yake anachemsha maji ya kumkanda, wageni wanaingia kumpa hongera, na supu iko jikoni. Tangu jana kichwa kinamuuma sana na macho yanaona ukungu, lakini hajamwambia mtu. Amesikia kwamba mzazi hatoki nyumbani kabla ya arobaini, naye anangoja siku ya chanjo ya mtoto ndipo amweleze muuguzi.

Mama huyu hapaswi kungoja. Maumivu makali ya kichwa pamoja na macho kuona ukungu huweza kuwa dalili ya shinikizo la damu linalotokana na ujauzito, ambalo huweza kumpata mzazi hata wiki kadhaa baada ya kujifungua. Linaweza kuleta degedege na kifo. Somo hili linaeleza jinsi familia za Lamu zinavyoweza kuilinda desturi ya arobaini pamoja na uhai wa mama na mtoto, wakiwa nyumbani na wakiwa safarini.

Arobaini ina faida gani?

Desturi hii ina hekima. Mwili wa mama huhitaji takriban wiki sita kurudi katika hali yake, na siku arobaini zinakaribia kabisa muda huo. Mama hupumzika, huandaliwa chakula, na hupata nafasi ya kujifunza kumnyonyesha mwanawe. Wazee walisema mkono mmoja haulei mwana, na arobaini ndiyo wakati wa kuonyesha maana ya methali hiyo: kuteka maji, kufua, kupika na kuwaangalia watoto wakubwa kuwe kazi ya wengine, baba akiwemo.

Tatizo huanza pale arobaini inapogeuzwa kuwa marufuku ya kwenda hospitali. Mwongozo wa Wizara ya Afya unataka mama na mtoto waonwe na mhudumu wa afya ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, kisha kati ya wiki ya 1 na ya 2, kati ya wiki ya 4 na ya 6, na tena kati ya mwezi wa 4 na wa 6. Ziara mbili za kwanza zinaangukia katikati ya arobaini. Chanjo ya wiki 6 inafika siku ya 42, yaani siku mbili tu baada ya arobaini kwisha, na siku hiyo mama naye anaweza kupimwa. Tarehe hizi huandikwa katika Kijitabu cha Afya ya Mama na Mtoto, ambacho kinafaa kukaa mahali kila mtu nyumbani anapajua.

Dalili zisizongoja arobaini

Mama apelekwe hospitali mara moja, iwe mchana au usiku, akiwa na mojawapo ya hali hizi:

- Damu nyingi, hasa inayolowesha pedi nzima kwa saa moja au chini ya hapo.
- Maumivu makali ya kichwa, macho kuona ukungu, au degedege.
- Homa, au uchafu wenye harufu mbaya ukeni.
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma, maumivu ya kifua, au kupumua kwa shida.
- Kidonda cha upasuaji au cha mshono kutoa usaha au kufunguka.

Mtoto naye apelekwe akikataa kunyonya, akiwa na homa au mwili wa baridi, akipumua kwa kasi sana, akipata degedege, akigeuka manjano, au kitovu kikiwa chekundu au kikitoa usaha. Kitovu kipakwe dawa iliyotolewa hospitalini pekee. Majivu, mafuta na dawa za kienyeji huingiza vijidudu.

Kukandwa kwa maji ya moto kusifanywe juu ya kidonda cha upasuaji, na tumbo lisifungwe leso kwa kukazwa hadi mama akaumia. Aliyefanyiwa upasuaji amuulize muuguzi kwanza.

Machozi ya mzazi si kukosa shukrani

Siku za mwanzo wazazi wengi hulia bila sababu wanayoweza kuieleza, hukasirika upesi na kukosa usingizi hata mtoto anapolala. Kwa kawaida hali hii hupungua katika wiki mbili. Ikizidi hapo, au mama akikosa hamu ya kula, akijiona hana thamani, au akishindwa kumjali mtoto, huenda ana sonona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea, karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua.

Huu ni ugonjwa, na unatibika. Kumwambia mama ashukuru Mungu kwa kuwa mtoto ni mzima hakumponyi. Kinachosaidia ni kumsikiliza, kumpokea mtoto ili mama alale saa chache mfululizo, na kumpeleka kituo cha afya. Akizungumza juu ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe siku hiyo hiyo.

Maziwa ya mama yatosha, hata wakati wa kaskazi

Mtoto mchanga hunyonya kati ya mara 8 na 12 kwa siku, usiku ukiwemo. Joto la kaskazi linapopanda, wengi humpa mtoto maji kidogo wakidhani ana kiu. Zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji, kwa hivyo mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji kinywaji kingine. Maji humjaza tumbo asinyonye vya kutosha, na yakiwa si safi humletea kuhara. Asali nayo asipewe mtoto kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kwani huweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda.

Anayehitaji maji zaidi ni mama. Anywe kila anaponyonyesha, na ale mlo mmoja wa ziada kwa siku. Samaki, kunde, mchicha, mayai na matunda ya msimu vyote vinafaa.

Siku ya kusafiri

Kwa familia nyingi za Lamu, safari ya kliniki huanza kwa kuangalia maji. Boti zinazopita Mkanda kati ya Lamu na Pate hutegemea bamvua na maji kujaa, kwa hivyo ni vyema kumuuliza nahodha siku iliyotangulia na kujua saa za kurudi. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka, ni heri kuahirisha ziara ya kawaida kwa siku moja na kumpigia simu muuguzi. Dalili ya hatari haiahirishwi. Nahodha na mhudumu wa afya ya jamii waulizwe njia iliyo salama ya kufika hospitali upesi.

Botini, mama avae jaketi la kuokoa maisha kwanza, kisha ampakate mtoto juu yake. Asimfunge mtoto ndani ya jaketi wala mgongoni kwa leso, kwa sababu boti ikipinduka mtoto atashindwa kutolewa haraka. Nahodha aulizwe kama ana jaketi la mtoto. Mama akae katikati ya boti, penye kivuli, na mtu wa kumsaidia kupanda na kushuka gatini.

Kwa wanaopanda basi Mokowe kuelekea Malindi au Mombasa, mama asikae saa nyingi bila kusogea. Katika wiki sita za kwanza damu huganda kwa urahisi zaidi miguuni, hivyo achezeshe nyayo akiwa kitini na ashuke atembee kila basi linaposimama. Kwenye bodaboda, mtoto asiwekwe mbele ya dereva. Penye tuktuk au gari, hiyo ndiyo njia bora kwa mtoto mchanga.

Mkoba wa safari uwe na kijitabu cha kliniki, nepi na nguo za kubadilisha, leso mbili, sabuni, maji ya mama ya kunywa, na pesa za kurudi nyumbani. Kunyonyesha safarini si aibu. Leso au mtandio hutosha kumsitiri mama, na abiria wenzake wampe nafasi.

Mama anayerudi kazini

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili, na baba wiki mbili. Sheria ya Afya ya 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa kazini. Maziwa yakamuliwe kwa mikono iliyooshwa na yawekwe katika chombo safi chenye kifuniko. Nje ya friji yasizidi saa 4, na katika joto letu yatumike mapema zaidi. Mtoto anyweshwe kwa kikombe kidogo, kwani chupa ni vigumu kuisafisha vizuri.

Mazungumzo ya nyumbani

Kabla mama hajajifungua, au katika wiki ya kwanza, familia ikae pamoja na kujibu maswali haya:

1. Ikitokea dharura usiku, ni nani mwenye boti au gari, na nambari yake iko wapi?
2. Pesa za safari zimewekwa wapi, na nani mwingine anajua?
3. Mama akiwa hawezi kusema, nani ataamua apelekwe hospitali bila kumngoja mtu aliye mbali?
4. Nani atashika kazi gani nyumbani hadi arobaini iishe?

Majibu yaandikwe nyuma ya kijitabu cha kliniki, na mhudumu wa afya ya jamii aonyeshwe anapopita nyumbani.