Mgongo Wazi katika Katalogi: Istilahi za Ziwa na Maktaba za Vyuo Vikuu

Utangulizi

Obunga ni mtaa wa mabanda mjini Kisumu unaojulikana kwa mgongo wazi, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia wa samaki vinavyobaki baada ya minofu kuondolewa. Biashara ya kukaanga mabaki hayo ilishika kasi baada ya viwanda vya minofu kuenea kandokando ya Ziwa Viktoria katika miaka ya 1980. Makala haya yanajadili swali moja: mwanafunzi aliyelelewa Obunga akitaka kusoma habari za samaki huyo katika maktaba ya chuo kikuu, je, lugha yake itamfikisha kwenye rafu?

Mpangilio wa rafu

Maktaba zinazofuata mfumo wa Maktaba ya Bunge la Marekani huweka jiolojia chini ya alama QE, sayansi ya bahari GC, mazingira GE na uvuvi SH. Vitabu vya lugha ya Kiswahili viko PL, mbali na hivyo vyote. Kwa hiyo maarifa ya ziwa moja hutawanyika katika rafu nyingi. Kinachoyaunganisha ni vichwa vya mada, ambavyo katika mfumo huo huandikwa kwa Kiingereza. Msomaji asiyejua kwamba samaki wake ni Lates niloticus hubaki mlangoni.

Tatizo la visawe

Kutafsiri vichwa hivyo pekee hakutoshi. Samaki aitwaye sangara Mwanza ni mbuta Kisumu. Dagaa wa Mwanza ni omena Kisumu. Mgongo wazi wa Obunga ndio mapanki ya Mwanza. Katalogi ikiteua jina moja na kuyatupa mengine, itawafungia nje wasomaji wa ufuo mmoja. Njia ifaayo ni kuteua kichwa kimoja na kuyaelekeza mengine kwake: “mapanki: tazama mgongo wazi”. Hii ni kazi ya leksikografia kabla ya kuwa kazi ya ukutubi. TUKI ilikwisha kuonyesha mwaka 1990, kwa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kwamba Kiswahili kinaibeba sayansi.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi (Kifungu cha 7), na inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya (Kifungu cha 42). Haki ya pili ni vigumu kuidai iwapo tafiti kuhusu gugumaji na uchafuzi wa Ghuba ya Winam hazipatikani kwa lugha ya kwanza. Inapendekezwa kwamba wanafunzi wa Kiswahili wakusanye istilahi kutoka kwa wavuvi na wakaangaji samaki wenyewe, kisha wazikabidhi kwa wakutubi. Neno mgongo wazi halihitaji kubuniwa. Linahitaji kuorodheshwa tu.