Sanduku la Barua Pepe Likigoma Kuhamia Seva Mpya

Oktoba 14, 2025 muda wa kuhudumiwa kwa programu ya seva ya barua pepe, Exchange Server 2016 na 2019, uliisha. Mwenye 2019 anaweza kupandisha toleo jipya juu ya seva ileile. Mwenye 2016 hana budi kusimika seva nyingine na kuhamisha masanduku ya watumishi, na hapo ndipo kazi hukwama. Ukiwa kisiwani, Nansio, mtaalamu wa kutoka Mwanza hadi avuke ziwa. Anza hivi mwenyewe.

Soma ripoti kwanza. Wengi hufuta ombi la kuhamisha na kuanza upya, na ripoti hufutika nalo. Endesha Get-MoveRequestStatistics ukiongeza -IncludeReport. Ukiona Failed, uhamisho umefeli. Ukiona neno linaloanza na StalledDueTo, seva imezidiwa na inasubiri nafasi, iache ipumue.

Barua mbovu. Ripoti ikitaja TooManyBadItems, ujue kikomo cha kawaida ni 0, hivyo barua moja iliyoharibika inatosha kusimamisha sanduku zima. Endesha New-MailboxRepairRequest kwenye sanduku la zamani, tena baada ya saa za kazi, maana mwenye sanduku hataweza kulifungua wakati huo. Ikishindikana, pandisha BadItemLimit kidogo kidogo: 5, kisha 10. Ukifika 51, programu itakutaka ukubali kupoteza data nyingi. Usikubali kabla ya kuzungumza na mwenye barua zake.

Barua kubwa mno. Hapo utaona TooManyLargeItems. Mwenye sanduku ahifadhi viambatisho pembeni, aifute barua hiyo, ndipo ujaribu tena.

Diski kujaa. Kila kinachohamishwa huandikwa pia kwenye mafaili ya logi, kila moja MB 1. Sanduku la GB 20 laweza kuzalisha logi za karibu GB 20 kwenye seva mpya. Hamisha kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu chukua nakala rudufu ya hifadhidata. Hiyo ndiyo inayosafisha logi. Usizifute kwa mkono.

Umeme ukikatika. Barua bado ziko salama kwenye seva ya zamani. Umeme ukirudi, ombi likionyesha Failed, tumia Resume-MoveRequest. Kazi huendelea ilipoishia.

Ombi lililosahaulika. Hata ombi lililokamilika huzuia jipya la sanduku hilohilo. Hapo sasa Remove-MoveRequest ndiyo dawa.

Kazi ikiisha, usitupe mbachao kwa msala upitao. Kwa kawaida sanduku la zamani hubaki kwenye hifadhidata yake siku 30 kabla ya kufutwa kabisa. Katika siku hizo, mwombe kila mtumishi atafute barua yake ya zamani kuliko zote, aifungue, kisha atume na kupokea barua moja. Hadi wote wathibitishe, seva ya zamani isiondolewe.