SOMO: HURUMA INAYONUNUA NA HURUMA INAYOSAIDIA

Tusome kwanza: Mithali 12:10, Kutoka 23:5



Sisi Wakimbangu hatuli nyama ya kima. Hata mtoto mdogo wa parokia anaijua amri hiyo. Lakini mara nyingine ndugu anapita barabarani, anaona mtoto wa kima amefungwa kamba kiunoni, anauzwa. Moyo unamuuma. Anatoa pesa, anamnunua, anarudi nyumbani akisema: leo nimefanya kazi ya Mungu.

Tuulize: pesa ile imekwenda wapi? Imekwenda kwa mwindaji. Kesho atarudi porini, maana sasa anajua wanunuzi wako.

Na mtoto hakamatwi peke yake. Mtoto wa sokwe hushikamana na mama yake miaka mingi. Ili wampate, wawindaji humuua mama, na mara nyingi wengine wa jamaa yake pia. Anayenunua mmoja kwa huruma analipia vifo ambavyo hakuviona.

Tunao mfano hapa Lubumbashi. Mwaka 2006 Franck Chantereau na mke wake Roxane walianzisha kimbilio la J.A.C.K., la kupokea sokwe na kima walionyang'anywa wauzaji. Mwezi wa Septemba 2022, usiku, wezi waliingia wakachukua watoto watatu wa sokwe: Monga, César na Hussein. Kisha wakatuma video kwa simu, wakadai fedha nyingi, wakitisha kuwaua wanyama hao.

Chantereau alikataa kulipa. Mtu anaweza kumwona mwenye moyo mgumu, yeye aliyewalea watoto hao. Lakini angelipa, wezi wangerudi baada ya miezi michache, na wengine wangejifunza kuvamia makimbilio ya nchi nyingine. Sisi twaona alitenda haki, ijapokuwa ni haki yenye uchungu.

Kanisa letu limetufundisha maneno matatu: Bolingo, Mibeko, Misala. Yule ndugu wa barabarani alikuwa na upendo. Akasahau amri na kazi. Amri iko: sheria ya nchi ya 2014 juu ya kuhifadhi viumbe vya asili inakataza kukamata na kuuza wanyama waliolindwa. Ukimwona anauzwa, usinunue, usigombane. Shika mahali na saa, upeleke habari kwa ICCN.

Kazi nayo ni ndefu. Sokwe aweza kuishi miaka 40 na zaidi, na kila siku anataka chakula, dawa na mlinzi. Hapo sadaka inasaidia kweli, nayo haimfikii mwindaji. Hekalu la Nkamba, lililofunguliwa 1981, lilijengwa kwa mikono na matoleo ya waamini. Tunajua kidogo kidogo kikiunganishwa kinafika wapi.

Tuangalie tena Kutoka 23. Punda wa adui ameanguka chini ya mzigo. Torati haisemi tumnunue. Inasema tusaidie kumwinua. Hata kuku tunaowapeleka soko la Kenya wakining'inia kichwa chini kwenye baiskeli wanatungoja hapo: kikapu na maji kidogo havihitaji nsinsani.

Kwa mambo makubwa zaidi, kila kikundi kitume watu wawili waulize kimbilio linakosa nini mwezi huu, ndipo tutoe kile walichotaja, si kile kinachotupendeza sisi.