Tujue Jamii Zetu: Pesa Inaingia Lini, na kwa Mkono wa Nani?



Ukitoka hapa Kaaga ukapanda upande wa Githongo, baada ya muda mfupi uko katikati ya majani chai. Ukishuka kwa njia ya Nkubu unapita kahawa, halafu ndizi za Mitunguu zinazomwagiliwa maji, na mwisho unafika Tharaka, ambako jua ni kali na watu wanapanda mtama, uwele, kunde na ndengu. Ukielekea Maua unaingia kwenye miraa. Ukielekea Timau unakutana na mashamba makubwa ya ngano na ya maua ya kuuzwa Ulaya. Kila moja ya safari hizi unaweza kwenda kwa matatu asubuhi na kurudi kulala nyumbani, lakini ni kama umetembelea nchi mbalimbali.

Somo letu ni juu ya tofauti hizo. Wengi wetu tumo katika kamati: kamati ya basari, kamati ya maji, chama cha akina mama, kamati ya kugawa chakula wakati wa ukame. Kamati hizo zinakata maneno yanayogusa maisha ya watu, na mara nyingi zinakata vibaya kwa sababu kila mmoja anadhani kwa wengine ni kama kwao. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu wengine. Mimi mwenyewe nilifanya kosa hilo.

Kosa la mwaka 2009

Wakati huo nilikuwa bado mgeni katika kazi. Nilikuwa nimesaidia vikundi vya akina mama kwenye eneo la majani chai, na vilikuwa vinaendelea vizuri sana. Kila mama alitoa shilingi 200 kila mwezi, nusu ikazungushwa, nusu ikawekwa akiba. Nilipotumwa Tharaka nilibeba daftari lile lile na sheria zile zile, pamoja na faini ya anayechelewa kulipa. Akina mama walinipigia makofi, tukaandika majina 24.

Mwezi wa Machi walilipa wote. Mei walilipa nusu. Kufika Septemba walikuja wanne tu. Niliandika katika ripoti yangu kwamba wanachama hawana bidii na wanahitaji semina. Bado nina nakala ya ripoti ile, na nikiisoma naona aibu.

Nilienda kumtembelea mwenyekiti wa kikundi nyumbani kwake, mama mzee mwenye heshima. Hakunificha.

"Mwanangu," aliniambia, "wewe unatuuliza pesa mwezi wa Septemba? Septemba hapa hata mbuzi amekonda. Pesa huwa tunashika Februari na Julai tukivuna. Na mwaka huu hata Julai hatukuvuna."

Kisha akanieleza jambo lililoniumiza zaidi. Wanachama wawili, kwa kuogopa faini na kuogopa kuaibika mbele yangu, walikuwa wameuza mbuzi ili walipe. Msomaji atakumbuka kwamba 2009 ulikuwa mwaka wa ukame mkubwa nchini. Kila mtu alikuwa anauza mifugo, kwa hiyo bei ilikuwa imeanguka. Mbuzi wa kumlipia mtoto karo ya muhula alienda kwa pesa kidogo tu, ati kwa sababu ya daftari langu. Kikundi kilichoundwa kuondoa umaskini kilikuwa kimewapunguzia watu mali.

Tulianza upya mwaka uliofuata. Badala ya pesa za kila mwezi, kila mwanachama alileta debe moja la ndengu wakati wa mavuno. Tukaziweka pamoja, tukangoja hadi Novemba bei ipande ndipo tuuze. Mara ya kwanza wadudu walitoboa karibu robo ya ndengu zote kwa sababu hatukuzikausha vizuri. Lakini kikundi hakikuvunjika, na faini tuliifuta.

Hesabu ya wastani haionyeshi kila kitu

Serikali ilipotoa matokeo ya uchunguzi wa maisha ya nyumbani wa mwaka 2015/16, Kaunti ya Meru ilionekana kuwa na asilimia 19.4 ya watu walio chini ya mstari wa umaskini. Tharaka-Nithi ilikuwa asilimia 23.6 na Embu asilimia 28.2. Kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 36.1. Mtu wa mbali akisoma hivyo atasema, hawa wa Mlima Kenya wako sawa, msaada upelekwe kwingine.

Lakini tazama ndani ya hesabu hizo. Embu ni pamoja na Manyatta na Runyenjes, kwenye chai na kahawa, na pia Mbeere, ambako mvua ni ya kubahatisha. Tharaka-Nithi ni pamoja na Chuka yenye rutuba na Marimanti yenye mawe. Ukichanganya maji ya moto na ya baridi utapata ya vuguvugu, lakini kuna mtu anayeungua na mwingine anayeganda. Ndiyo sababu wananchi wa Mbeere walifurahi kupewa wilaya yao mwaka 1996, na Watharaka mwaka 1998. Tangu kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013 wamerudi kuhesabiwa pamoja na ndugu zao wa juu.

Jambo la Mbeere lina uchungu wake. Mto Tana ulijengwa mabwawa ya umeme mfululizo: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Umeme huo uliwasha Nairobi na viwanda vyake. Kwa miaka mingi watoto wa vijiji vilivyo karibu na maji hayo waliendelea kusoma kwa koroboi. Kwa hiyo kuwa karibu na mali na kuwa na mali ni mambo mawili tofauti.

Majani chai, kahawa, na jina lililo kwenye karatasi

Watu wa sehemu za chini hudhani sehemu za chai hazina maskini. Ni kweli kwamba chai ina faida moja kubwa: pesa zinakuja kila mwezi. Tangu KTDA ianzishwe mwaka 1964, mkulima mdogo hulipwa kidogo kidogo kwa kilo alizopeleka kituoni, halafu mara moja kwa mwaka, karibu na Oktoba, anapata bonasi. Mtu mwenye mapato ya namna hiyo anaweza kukopa dukani, anaweza kupanga karo, na anaweza kuweka akiba ya kila mwezi. Ile sheria yangu ya shilingi 200 ilitoka huko, na huko ilifaa.

Hata hivyo, uliza namba ya mkulima imeandikwa kwa jina la nani. Mama ndiye anayeamka alfajiri na kikapu mgongoni, lakini bonasi mara nyingi huingia kwenye akaunti ya baba. Wale wanaoishi karibu na masoko ya huko wanajua jinsi Oktoba inavyokuwa. Kuna nyumba zinazoezekwa mabati mapya mwezi huo, na kuna nyumba ambazo baba haonekani kwa wiki mbili. Mapato ni yale yale na kilo ni zile zile.

Halafu kuna asiye na shamba. Mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka wengine wamebaki na nusu ekari, wengine hawana hata hiyo. Hao wanachuma majani ya jirani kwa kibarua. Nimeona kwamba maskini wa eneo la chai anajificha kuliko maskini wa Tharaka. Kule chini ukame ukija unampiga kila mtu, na watu wanagawana hata uji bila kuonana vibaya. Huku juu, mwenye njaa ana jirani mwenye gari. Hatakuja kwenye kamati yako kujiandikisha.

Kahawa ina hadithi nyingine. Meru na Embu zilikuwa kati ya sehemu za kwanza ambako Mwafrika aliruhusiwa na serikali ya kikoloni kupanda kahawa, katika miaka ya 1930. Kahawa ilisomesha walimu, mapadre na madaktari wetu. Kisha mwaka 1989 mapatano ya dunia ya kugawa soko yalivunjika, bei ikaanguka, na vyama vya ushirika vikabaki na madeni. Mtu alipeleka kahawa, akangoja miezi mingi, halafu akaletewa karatasi yenye makato kuliko malipo. Waliozeeka wakingojea pesa ya kahawa wana hofu fulani ambayo mkulima wa chai hana. Ukiwaambia, "tuweke pesa pamoja," wanakumbuka sosaiti. Usidhani ni wabishi.

Miraa na muguka

Igembe na Tigania, pesa haingoji mwezi. Mti ukichumwa, kufika jioni kuna noti mfukoni, kwa kuwa miraa hutafunwa ikiwa mbichi na haiwezi kukaa. Hata ukame hauwatishi kama wengine, maana majani yakiadimika bei inapanda. Lakini pesa za kila siku ni vigumu kuzishika. Tena zinamfikia hata kijana mdogo anayejua kupanda mti, naye akiona mfuko wake umeshinda wa mwalimu, darasa linamchosha.

Hatari kubwa iko kwa mnunuzi. Uholanzi ilifunga mlango mwaka 2013, na Uingereza ikapiga miraa marufuku tarehe 24 Juni 2014. Mwezi wa Machi 2020 Somalia ikazuia ndege za miraa, na hazikuruhusiwa tena mpaka Julai 2022. Ndugu zetu wa Mbeere wamejifunza jambo hilo kwa muguka. Mmea huo unavumilia ukavu, na umewapa pesa za mara kwa mara watu waliokuwa wakitegemea mvua. Lakini Mei 2024 Kaunti ya Mombasa ilitangaza marufuku, nyingine za Pwani zikafuata, ikabidi watu waende mahakamani Embu kuisimamisha. Wenzetu wa Pwani wanalia juu ya vijana wao, na kilio chao kina msingi. Sikatai hilo. Ninachosema ni kwamba jamii yenye mnunuzi mmoja inalala macho wazi, hata kama leo ina pesa.

Mtu asifikiri mambo haya ni ya Afrika peke yake. Marekani tunaisikia kama nchi moja ya matajiri, lakini mradi uitwao American Communities Project umezigawa kaunti zake, zaidi ya 3,100, katika aina 15: miji mikubwa, miji ya vyuo vikuu, sehemu za wakulima, sehemu za wastaafu, za wanajeshi, na kadhalika, kwa sababu maisha yao hayafanani. Kaunti ya Loudoun, Virginia, karibu na mji mkuu Washington, ni miongoni mwa zenye mapato makubwa kuliko zote nchini humo. Jimbo jirani la West Virginia lina kaunti ya McDowell, iliyotegemea makaa ya mawe. Mwaka 1950 ilikuwa na watu karibu 99,000. Mashine zikachukua kazi ya wachimbaji, migodi mingi ikafungwa, na hesabu ya mwaka 2020 iliwakuta watu 19,111 tu. Nilipoisoma hesabu hiyo niliwaza juu ya Maua.

Hata hapa mjini

Karibu na Kaaga, mashamba ya zamani yanaendelea kugeuka nyumba za kupangisha. Mpangaji anaweza kuwa na mshahara kuliko mkulima, lakini kila kitu chake kina bei: maji, makaa, sukuma wiki, choo. Mlinzi wa usiku akifutwa kazi tarehe 20, tarehe 5 hana mahali pa kulala. Hana hata mihogo ya kuchimba. Tena hana jirani wa ukoo, na akihama hakuna anayeuliza ameenda wapi. Wafanyakazi wa mashamba ya maua kule Timau, waliotoka sehemu nyingi, wanaishi namna hiyo hiyo.

Mawe 12

Kwa wale mtakaoanza mradi, njia hii haihitaji pesa. Kusanya watu chini ya mti, panga mawe 12 mchangani, kila jiwe mwezi mmoja. Wape maharagwe. Waambie waweke maharagwe mengi kwenye mwezi wa pesa nyingi na machache kwenye mwezi wa shida. Kisha rudieni kwa njaa, kwa magonjwa ya watoto, kwa karo. Fanya na akina mama peke yao, halafu na wazee peke yao, na uwaombe vijana pia, maana mistari haitalingana. Mahali pamoja wazee waliweka lundo kubwa kwenye Oktoba. Akina mama, kwa Oktoba hiyo hiyo, waliweka haragwe moja. Tulikaa kimya kidogo, kisha mzee mmoja akacheka na kusema, "Haya, tumeshikwa."

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

Katika kijiji chenu, pesa inaingia miezi gani, na inaingia kwa mkono wa nani?

Kamati yenu ya basari inakutana mwezi gani? Je, ni kabla au baada ya watu kuuza mifugo?

Ni nani katika jirani zenu hajawahi kujiandikisha kwa msaada wowote? Ni kwa sababu hana shida, au kuna sababu nyingine?

Mnunuzi wa zao lenu akikosa kuja kwa mwaka mmoja, nyumba ngapi zingebaki na chakula?