Cherehani Ikisumbua, Tuanze na Sindano

Katika vikundi vya ushonaji, mara nyingi cherehani huwekwa kando kwa kasoro ambayo mshonaji mwenyewe angeweza kuiondoa. Huku Mlali, wilayani Kongwa, vumbi la kiangazi huongeza usumbufu. Tunashauri kufuata mpangilio huu kabla ya kumwita fundi.

1. Mishono inaruka. Badilisha sindano, huenda ni butu au imepinda. Isukume hadi juu kabisa ndipo ukaze. Namba 14 inafaa kitenge. Kaki nzito ya sare inataka namba 16.

2. Uzi unajikunja chini ya kitambaa. Wengi hulaumu bobini, kumbe chanzo huwa uzi wa juu. Inua mguu wa cherehani, tunga uzi upya upite katikati ya visahani vya kukazia, kisha shusha mguu ushone.

3. Cherehani ni nzito, kitambaa hakisogei. Fungua bati lililo chini ya sindano, safisha meno kwa brashi, kisha weka tone la mafuta ya cherehani. Mafuta ya alizeti ni ya jikoni; yakiingia humo huganda na vumbi.

4. Skrubu za kukazia uzi ziwe za mwisho. Zungusha kidogo kidogo, ukijaribu kwenye kipande cha kitambaa.

Tunaziomba kamati za sharika na wafadhili wanaotoa cherehani waongeze sindano, brashi na chupa ya mafuta. Bila vitu hivyo vidogo, oda ya sare za Januari inaweza kumpotea mshonaji ilhali cherehani anayo.