Kufika Kituoni Hakutoshi: Huduma Anayostahili Mama na Mtoto

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulileta habari njema Tanzania. Vifo vitokanavyo na uzazi vilikadiriwa kuwa 104 katika kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 mwaka 2015/16. Wajawazito wanane kati ya kumi walikuwa wakijifungulia katika kituo cha afya. Lakini vifo vya watoto wasiotimiza mwezi vilitoka 25 hadi 24 tu kwa kila vizazi hai 1,000. Akina mama wameitikia wito wa kwenda kituoni. Vichanga wao bado wanafariki karibu kama zamani. Basi tuulize wanapokewa vipi wakishafika.

Mtoto asiyepumua baada ya kuzaliwa hukaushwa na kusuguliwa mgongo. Asipoitika, apumulishwe kwa mfuko na barakoa kabla dakika moja haijaisha. Vifaa hivyo viwe tayari leba, si kwenye kabati lililofungwa. Mama naye hudungwa oksitosini mara tu mtoto anapotoka, ili mji wa mimba ujikaze na damu isimwagike. Dawa hii hutunzwa kwenye jokofu, nyuzijoto 2 hadi 8. Ikikaa muda mrefu kwenye joto hupungua nguvu, na sindano inaweza kuchomwa na isisaidie inavyopaswa. Vifaa vilivyo tayari na dawa inayofanya kazi, huo ndio ubora wa huduma, si rangi mpya ya ukutani.

Mama, usiharakishwe kurudi nyumbani. Angalau saa 24 za mwanzo wewe na mtoto mkae chini ya uangalizi. Khanga ikilowa damu upesi, kichwa kikiuma sana, macho yakiona ukungu, au mtoto akigoma kunyonya, akichemka, akipoa mwili au akipumua kwa shida, mwite muuguzi papo hapo. Ukiwa nyumbani, rudi kituoni hata usiku wa manane.

Tunajua wapo wakunga wanaobeba zamu nzima peke yao, na wanastahili kuongezewa wenzao. Hata hivyo, kumfokea au kumpiga makofi mama mwenye uchungu ni kumdhulumu, na hakuna uchovu unaohalalisha jambo hilo.

Ndugu unayemsindikiza mzazi, ukiona kasoro andika tarehe, saa na zamu, kisha mwone mganga mfawidhi. Usiposikilizwa, nenda kwenye kamati ya afya ya kituo au kwa mganga mkuu wa wilaya. Kulalamika ni haki yenu, na mama asinyimwe huduma kwa sababu hiyo.